Masale ya Mama Manka

Jamani, leo nimesamehewa na sijui nimekosa nini.

Masale ya mpakani kwetu hapa Ifakara yalishakuwa msitu. Jirani yangu Mama Manka aliyapanda miaka ya tisini, alipohamia kutoka Moshi. Siku hizi yamelalia upande wangu mpaka njia haionekani.

Asubuhi nikashika jembe. Nikang'oa, nikagawa mashina, mengi nikahamishia getini.

Yakabaki machache. Nikaona yasikauke bure, ngoja nimpelekee mwenyewe akapande mbele ya nyumba yake.

Nikamkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo mama. Nimekuletea masale."

Akaweka ungo chini, akayapokea kwa mikono miwili. Machozi hayo!

"Nimekusamehe, mwanangu. Kwetu Uchagani mtu akikuletea isale kuomba radhi, hukatai."

Hapo ndipo ningesema, mama, haya ni ya kupanda tu. Mnaujua mdomo wangu ulivyo. Leo ukanigomea.

Nikajibu, "Asante mama."

Nyie mngesema nini?

Tangu nimerudi, kukaa siwezi, kusimama siwezi. Kwani nilimsengenya? Au kuku wangu walimlia mpunga wake? Nimefagia uwanja ambao nilishaufagia.

Jioni hii mume wangu karudi kutoka shamba, kaona mashimo, kaniuliza kulikoni. Nikamsimulia yote huku nacheka.

Yeye hakucheka. Kaegesha baiskeli polepole, macho chini.

"Limebaki hata moja, na mimi nimpelekee?"