Tangi Tupu la Mapokezi

Uongozi wa kliniki ya meno ulitangaza rasmi kwamba tangi la kioo pale mapokezi ni tupu, halina kiumbe hai hata kimoja, na maji yake yatamwagwa Ijumaa. Dada wa mapokezi alilisoma tangazo. Samaki wa kwanza walitiwa siku ileile maji yalipojazwa, wakafa kwa sumu ya uchafu wao wenyewe. Safari hii aliacha maji yakomae kwanza, akiyatonesha amonia, ndiyo sumu yenyewe, kidogokidogo.

“Dada, siku hizi unafuga maji?” alimtania mgonjwa mwenye shavu lililovimba. “Yakizaa nigawie.”

“Utapata, kaka. Wewe fungua mdomo ukiitwa.”

Ijumaa asubuhi alichota maji kwenye kichupa, akadondoshea dawa ya kupimia. Kila alipopima yaligeuka kijani, maana yake sumu bado imo. Leo yakawa njano. Akainamia kioo: changarawe, sponji ya chujio, basi. Akajikuta anapumua taratibu, kama mtu aliyeingia chumba chenye watoto waliolala.

Meneja alikuja na ndoo. Akaonyeshwa kichupa, akaelezwa kwamba majini mna vijidudu visivyoonekana vinavyokula sumu hiyo, akairudisha ndoo stoo. Tangazo halikubanduliwa.

Amonia ya jana jioni ilikuwa imeliwa yote.