Nafasi ya Jina Lako

Nilikwenda kununua betri za redio katika duka moja hapa Arua, nikakuta mlango umefungwa nusu. Ndani, mablanketi ya kuuza yalikuwa yametundikwa ukutani kuzuia mwangwi, na fundi kutoka Kampala ameinamia mashine ya kurekodi. Binti wa Koboko alikuwa akirekodi santuri yake ya kwanza ya doluka, muziki wa arusi wa akina mama wa Kinubi, shangazi yake akimpigia ngoma.

Katika doluka, mwimbaji huwataja kwa majina waliohudhuria arusi. Binti alipofika hapo akanyamaza, ngoma ikaenda peke yake, kisha akaendelea kuimba.

Fundi akasimamisha mashine. "Dada, umesahau maneno?"

"Mimi hapana sahau, fundi. Hapo iko nafasi ya jina."

"Jina la nani?"

"Ya mutu mwenye anasikiliza. Mimi najua yeye? Atasema mwenyewe."

"Watadhani santuri ni mbovu! Taja majina yoyote."

Binti akaweka kiganja juu ya ngoma ya shangazi yake isilie tena, mpaka fundi akasalimu amri.

Nina santuri nyingi nyumbani, lakini hii ndiyo ya kwanza kuniuliza mimi ni nani.

Juzi ilikuwa ikipigwa katika duka lile lile. Ilipofika kwenye nafasi ile, askari aliyekuwa akinunua sukari, ambaye sote tulikuwa tumempisha, alivua kofia akalitaja jina lake taratibu. Halafu akaomba sindano irudishwe nyuma, maana nafasi ilipita kabla hajamtaja mama yake.