Zulia Lililoitwa Mjomba

Enzi zetu pale Bluff, kitongoji cha Durban, miaka ya tisini ikiyoyoma, sisi watoto tuliijua Uajemi kwa magoti. Baba alikuwa fundi wa mazulia katika duka moja mjini, na yaliyochanika aliyaleta nyumbani kwa teksi, yamekunjwa kama chapati. Abiria walimtania, "Eish, baba, na huyo alipe nauli!"

Mchezo wetu ulikuwa kupindua pembe ya zulia, kutazama mafundo mgongoni mwake na kutaja mji wa Uajemi lilikofumwa. Tabrizi, mafundo yake madogo kama punje za mchele. Naini, rangi ya maziwa na buluu. Shirazi, la wafugaji, lina vibuzi na ndege, na hata matamvua yake ni sufu. Hamadani ni nene, matamvua ya pamba. Aliyekosea aliosha vyombo. Kaka yangu Salimu aliosha karibu kila siku, mimi sikuwahi.

Jumamosi moja Baba akatandika zulia jekundu sebuleni. "Mama Salimu, nimekuletea ndugu yako kutoka Shirazi!"

Mama alizaliwa Unguja, na kwao hujiita Washirazi. Akafukiza udi, akakaanga sambusa, akaita majirani. Salimu alipokatiza na viatu, Mama akampigia kelele, "Wee! Unamkanyaga mjomba wako?" Mama alicheka mpaka machozi. Tangu tuhame kwetu tuje Durban sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Mimi nikashika tamvua. Pamba. Hamadani kabisa!

"Haya, bingwa," Baba akaniuliza mbele ya wageni, "mji gani?"

Nikamtazama Mama, birika la kahawa mkononi, meno yote nje. "Shirazi," nikasema.

Baba akakohoa, akachukua sambusa nyingine. Wageni walipoondoka, Mama akanikabidhi sinia la vikombe.

"Kaoshe. Umekosea makusudi. Unadhani mimi pamba siijui? Mgeni haulizwi kabila kabla hajala, mwanangu."

Tukaosha pamoja, tukicheka, na Salimu akacheza ngoma mlangoni kwa furaha ya kupumzika.

Nimetangatanga tangu hapo, miji mingi, sakafu nyingi. Vijana wa leo hulielekezea zulia simu, wakapata jina la mji hata viatu hawajavua. Jibu wanalo, sambusa hawana. Mimi, kila nyumba ninayoingia, bado napapasa tamvua kwa siri. Kisha nakaa, nakula kwanza.