Mayai Viza Ndani ya Gari la Rogathe

Rogathe wa kijiji cha Mamba, huko milimani, hupika, hula na hulala ndani ya gari, na haoni haya kulisema. Ni Hiace kuukuu iliyong'olewa viti vyote kikabaki cha dereva. Nyuma kuna kitanda cha mbao, jiko dogo la gesi na friji ya kubebeka anamotunza chanjo ya kuku. Kazi yake ni kuzunguka vijijini akiwadondoshea kuku tone la chanjo jichoni ili ugonjwa wa kideri usiwafagie. Watu wamemzoea. Gari likionekana tu, kina mama wanaanza kukimbizana na kuku wao.

Friji inakula umeme wa betri iliyo chini ya kitanda, na betri inalishwa na sola iliyofungwa juu ya paa. Kazi hiyo yote aliifanya mume wake, Zephania, mkulima wa tangawizi ambaye hakuna kifaa atakachokubali kwamba hakijui. Muuzaji wa sola aliwapa na kontrola, kidude cha kukaa kati ya sola na betri, kazi yake kuzuia umeme betri ikishashiba. Zephania alikifunga, akakitazama siku mbili tatu za ukungu, akakifungua.

"Mama Fanueli, huku kwetu jua lenyewe la kubahatisha," alimwambia mkewe. "Hiki kinatunyonya na hicho kidogo tunachopata. Waya uende moja kwa moja."

Na kweli, msimu wote wa mvua Rogathe alizunguka milimani tu na friji haikumsumbua hata kidogo. Betri haikuwahi kushiba hata ikahitaji kuzuiwa. Zephania akatamba nalo mpaka kanisani. Mvua zilipokatika, Rogathe akashuka na gari lake tambarare ya Same, na huko jua halibahatishi.

Asubuhi alichanja kuku wa Mama Mwanaidi, bibi mmoja mkarimu asiyekubali mgeni aondoke mikono mitupu. Akapewa kikapu cha mayai. Akakiweka garini, akaegesha gari peupe makusudi ili sola ipate jua la kutosha, akafunga vioo vyote kwa ajili ya vumbi, akaenda kumalizia nyumba zilizobaki.

Aliporudi kunywa chai na kufungua mlango, harufu ikamkumba usoni. Mayai viza!

Hasira zikampanda. Mtu unamponyea kuku wake, naye anakupa viza? Akachota maji kwenye sufuria, akakaa mlangoni na kuyatumbukiza mayai moja moja, maana yai bovu huelea. Hakuna lililoelea. Yote yalilala chini, mazima kabisa. Rogathe akaona aibu kwa kumsingizia bibi wa watu moyoni. Labda panya amefia humu, akawaza. Chai kwanza, panya baadaye. Akaingia, akashika kiberiti.

Hapo ndipo aliposikia kitu kinachemka. Jiko alikuwa bado hajaliwasha.

Akatega sikio. Sauti ilitoka chini ya kitanda. Akatia kiberiti mfukoni, akainua godoro na ubao. Betri ilikuwa imevimba mbavu, joto lake linasikika bila hata kuigusa, na maji makali yanatokota kwenye vifuniko. Maneno ya yule muuzaji yakamrudia, yale aliyoyasema wakati Zephania anamkatiza kwa kujidai anajua: betri ikilishwa kupita kiasi hutoa hewa inayonuka kama mayai viza na kulipuka kwa cheche moja tu, usichomoe waya hapo, funika sola kwanza.

Aliogopa, na woga wake ulikuwa wa haki. Akafungua milango yote, akapanda juu ya paa na blanketi zito, akaifunika sola pande zote. Kisha akaenda kukaa mbali mpaka kuchemka kulipokoma na harufu ikaisha. Ndipo alipopiga simu.

"Baba Fanueli, kile kidude umekiweka wapi?"

"Kipo kabatini. Kwani vipi?"

"Betri imechemka kama maharage."

Zephania akasahau kujidai. "Wewe mzima?"

"Mzima."

"Usiguse kitu. Nakuja."

Chupa za chanjo ilibidi zihamie kwenye friji ya nani kama si Mama Mwanaidi. "Shikamoo mama," Rogathe alisema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Mayai yalikuwa mazuri?"

"Mazuri sana, mama."

Kesho yake Zephania alishuka kwenye basi, kontrola ameifunga ndani ya leso, akiongozana na Habibu, fundi wa mjini Same. Habibu alitoa betri iliyoharibika, akaweka nyingine ndani ya sanduku lenye mfuniko na bomba la kutolea hewa nje ya gari. Akafunga fyuzi karibu na betri. Kontrola akaiunganisha na betri kwanza, sola mwisho, huku blanketi likiwa bado juu yake. Zephania alimshikia spana bila kumfundisha neno.

Habibu alipoondoka, Zephania aliketi kitandani.

"Ukilala, kichwa unakiweka upande gani?"

Rogathe akamwonyesha. Ulikuwa upande wa betri.

Zephania akapagusa pale kwa kiganja. "Ningekuua, Rogathe," alisema. Tangu mtoto wao Fanueli azaliwe, hakuwahi kumwita kwa jina lake.

"Kontrola si imeshafungwa?"

"Najua."

Akauchukua mto wa mkewe, akauhamishia upande wa mlangoni, akaupigapiga mpaka ukakaa vizuri.