Vernelle Tisdale na Pengo la Ukingoni

Alizaliwa Vernelle Tisdale mwaka 1919, kandokando ya mto Yazoo, jimboni Mississippi, Marekani, binti wa kwanza wa Shemasi Amzi na mkewe Luvenia. Miaka miwili baadaye nikazaliwa mimi, Idella, na tangu hapo kazi yangu ikawa kumfuata nyuma. Kanisa la Mlima Nebo limenikabidhi maisha yake niyaandike, nami nitayaandika kwa haki, ingawa wivu unaniwasha hadi leo.

Angali mtoto, alichora malaika kwa mkaa kwenye banda la kuku. Mama, ambaye angenichapa mimi kwa doa moja tu, aliita majirani waje kuona. Kipaji hutoka kwa Mungu, najua, lakini alipokuwa akigawa mimi nilikuwa wapi?

Wito wake ulikuja mwaka 1952, tulipoacha kubatizwa mtoni na kujenga kisima cha ubatizo kanisani, nyuma ya mimbari. Desturi ni kuchora Mto Yordani, wa buluu, kwenye ukuta ulio juu ya kisima. Vernelle alipanda jukwaa la mbao akachora Yazoo yetu yenye tope, na ukingoni akina mama wa kanisa wamejipanga na mashuka meupe, wakiwangoja wabatizwa. Mchungaji Gholston alifoka, "Yordani gani hii yenye kambare?" Akaagiza chokaa ili aufute mchoro huo. Vernelle akamjibu, "Mchungaji, kwani wewe ulizamishwa Yordani au hapa hapa kwetu?" Chokaa ikarudi stoo.

Watu waliwatambua wazazi wao ukutani wakalia. Bibi Ozella, aliyeogopa maji maisha yake yote, alimwona marehemu mama yake pale, akashuka kisimani bila kushikwa mkono. Nami nilijitafuta. Nilimwona mama, nikamwona mke wa mchungaji, hata nyumbu wa Shemasi Purvis nikamwona. Kando ya mama palikuwa na pengo, nyasi tupu. Tangu hapo, kila ubatizo, nilisimama kwenye ngazi za kisima na shuka langu, kazi niliyoirithi kwa mama, nikiupa ukuta ule mgongo kwa hasira.

Mwaka 1974 saratani ilimlaza. Siku moja nikimnywesha supu, uvumilivu ulinishinda.

"Dada, hata nyumbu umemchora. Mimi nilikukosea nini?"

Alicheka mpaka akakohoa. "We Idella, wivu tele, macho huna! Nikuchore ya nini, na pale unasimama mwenyewe? Waulize wanaokaa kwenye mabenchi."

Alifariki Ijumaa ya wiki hiyo. Niliwauliza. Wote walikuwa wanajua: ukitazama kutoka mabenchini, ninaposimama kwenye ngazi na shuka langu, naliziba pengo lile kando ya mama.

Sasa mashemasi wanataka kumchora yeye kwenye pengo lile, kwa heshima. Nimekataa mbele ya kanisa zima. Alinitangulia katika kila kitu, hapo hanitangulii. Enyi waumini, igeni ujasiri wake na mkono wake usiosahau mtu. Jumapili ijayo tuna ubatizo, na shuka langu nimeshalipiga pasi.