Dobi Aliyepoteza Joto

Kaka yangu ni dobi. Kwa miaka ishirini na miwili alipima joto la pasi kwa kidole: anakilowesha kwa ulimi, anagusa chuma mara moja, na kidole kinamwambia hii ni ya hariri, hii ya jinzi. Chumba chake kilijaa mvuke na mashuka yaliyotundikwa, na ukiingia humo kelele za barabarani zinakuwa kama za mji mwingine.

Siku moja kidole kilimwambia pasi ni baridi. Akaongeza moto, akagusa, akaongeza tena. Shati la bwana harusi likaungua mgongoni. Kaka akailaumu pasi, akanunua mpya. Ni wifi yangu aliyesikia harufu, akamshika mkono.

"Baba watoto, mbona unaungua?"

"Nani, mimi?"

Malengelenge matatu, naye hana habari.

Kisha miguu ikawa mizito. Alisema anatembea kama mtu aliye ndani ya maji, wala haumwi. Hospitalini daktari alituonyesha picha ya shingo yake, ya kijivu kama asubuhi ya mvua. Vifuko viwili vya maji vilikuwa vinabana uti wa mgongo. Visipotolewa, miguu itakufa ganzi kabisa. Vikitolewa, huenda ikapona. Vidole hakuviahidi.

"Maji," kaka akacheka kidogo. "Nimefua nayo maisha yote, leo yamehamia kwangu bila hodi."

Lakini aliogopa. Dobi asiyejua joto ni dobi gani? Siku nne alikaa kati ya mashuka yake, akiyatazama yakipumua. Wifi hakumbembeleza. Siku ya tano alimwambia tu, "Mimi nataka mtu wa kusimama kwenye meza ya pasi. Kidole ninacho."

Kaka akakubali, akapasuliwa. Ilichukua miezi, lakini miguu ilirudi. Vidole vimenyamaza hadi leo.

Sasa wifi ndiye anayegusa pasi. "Hariri," anasema, na kaka anapiga.

"Usinidanganye, mama watoto."

"Nikikudanganya shati litanisema."

Mara nyingine jina la kitambaa halimtoshi kaka. Anamuuliza, "Joto lenyewe likoje?" Wifi hugusa chuma tena, akilitafuta.

"Kama bati la paa saa nane mchana."

Kaka hufumba macho kidogo. Halafu anashusha pasi.