Sailensa Iliyokataa Kukaa

Mpaka leo sijui nilikosana na watu wangapi wiki ile kwa ajili ya sailensa ya gari, yaani ule mngurumo wa injini usipokanyaga mafuta. Injini yake ya kwanza nilikuwa nimeing'oa, nikafungiwa kubwa zaidi ili iweze milima ya kwetu. Jioni, ukiiacha ingurume yenyewe, imetulia tuli. Asubuhi, ukitoa tu mguu kwenye mafuta, inatetemeka na kuzima. Jioni ni nzima, asubuhi ni mbovu. Sasa huo ni ugonjwa gani?

Na gari yenyewe sikuinunua nitambe nayo. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi tisa. Mtoto wetu wa kwanza alitufia hapa nyumbani Kumsenga, baba yangu akiwa bado barabarani anahangaika kutafuta usafiri wa kutufikisha hospitali Kibondo. Nikaapa kwamba huyu wa pili hatasubiri gari ya mtu.

Fundi mmoja wa Kibondo akasema plagi. Nikabadilisha, wapi! Mwingine akasema pampu ya mafuta. Nikamwambia anabahatisha, naye akanishauri niende kwa mganga. Nikaipeleka Kasulu kwa yule aliyeifunga injini. Akaisikiliza, akasema haina tatizo. Nilitamani kumzaba kibao. Ndipo akaniuliza kama huwa nachomoa waya wa betri. Mimi? Nichomoe ili iweje? Akanieleza kwamba waya ukichomolewa, kontrol boksi, ile kompyuta ya injini, inasahau kiwango cha sailensa, na injini ya kufungia kama ile inachukua siku nzima kujifunza upya. Nikarudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda.

Jioni ile nikaegesha, nikaenda kuoga, nikakumbuka sabuni nimeisahau garini. Nikakuta boneti iko wazi, na baba yangu ameinama juu ya betri na spana namba kumi mkononi.

"Baba, kumbe ni wewe?"

"Ego," akaitikia ndiyo kwa Kiha, bila wasiwasi wowote.

Akasema anauchomoa kila jioni tangu gari ije, na alfajiri anaurudisha kabla sijaamka. Alisikia gari huungua zikiwa zimeegeshwa, kwa sababu ya nyaya. Hii alitaka ifike salama siku ya mkwe wake kujifungua.

Nikamweleza alichokuwa anakifanya, na nakiri nilifoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho kwenye spana.

"Wa kwanza nilichelewa," akasema. "Huyu ningemuua kwa mkono wangu."

Hasira zote zikaniisha, nikabaki na aibu. Nikamwomba aurudishe ule waya yeye mwenyewe. Akakataa. Akaniachia spana, akaingia ndani.

Tangu hapo hakuigusa tena ile gari, hata kuifuta vumbi. Asubuhi nikiwasha, alisimama mbali na kusikiliza. Ikawa haizimi.

Mtoto alizaliwa Kibondo, salama. Nilipompelekea babu yake ampakate, alisema nimsubiri kwanza anawe mikono. Alinawa muda mrefu sana.